Zamu ya Kumwogesha Mzee Patrobas

Jumapili, 12 Oktoba 1997

Luseno amemleta baba yake leo. Alimbeba mgongoni kutoka barabarani kwa sababu pikapu ilishindwa kuingia kwenye tope la mtaa wetu wa Lucky Summer, na majirani wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga wakatoka wote kutazama. Mzee Patrobas, mtu niliyezoea kumsalimu kwa mbali macho yangu yakiwa chini, alikuwa ananing'inia mgongoni mwa mwanawe kama gunia. Mkono wa kulia umekufa, mguu wa kulia vilevile, mdomo umeenda upande na maneno hayatoki. Kiharusi kilimpata Agosti akiwa shambani kule Khayega. Mama mkwe alishafariki, na wifi zangu wameolewa mbali.

Amepewa chumba cha ndani, walimokuwa wakilala Andati na mdogo wake. Watoto wamekwenda kwa mama yangu Kaimosi mpaka tuone mambo yatakavyokuwa.

Nilimuuliza Luseno tukiwa jikoni, "Na nani atamwogesha?"

"Si wewe uko hapa nyumbani na cherehani yako?"

"Mimi ni mke wako. Yule ni baba mkwe wangu."

"Hayo ni ya nyumbani, Ayuma. Huku Nairobi utazoea tu."

Hayo ya nyumbani yalikuja nasi Nairobi. Mkaza mwana hakalii kiti cha baba mkwe wake, wala hamshiki mkono. Hata chai humwekea mezani akaondoka. Luseno anayajua haya kuliko mimi, maana yeye ndiye aliyenionya siku tulipooana nisije nikamkosea baba yake.

Jumanne, 14 Oktoba

Luseno ameondoka na lori kwenda Mombasa.

Saa chache baadaye Mzee alijichafua. Nilisimama nje ya pazia nikitumaini harufu itakwisha yenyewe, kama mpumbavu. Kisha nikaingia na beseni, nikamwambia, "Baba, nisamehe," nikamvua. Nilijaribu kufumba macho lakini huwezi kumwosha mtu macho yakiwa yamefumba. Alikuwa amegeuza uso ukutani. Nilipomgeuza upande nikaona mto umelowa. Alikuwa analia bila sauti, na mkono wake wa kushoto, ule mzima, ulikuwa umeshika shuka akijaribu kujifunika huku mimi nikilivuta.

Nimeoga mara mbili na bado sijisikii safi. Si kwa sababu ya uchafu wake.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mvua. Hii si ile tuliyoizoea. Redioni wanaiita El Niño.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mzee hataki kula. Nikileta uji anabana mdomo. Nikilazimisha unamwagika kifuani, halafu kazi inakuwa yangu tena. Leo nilimpigia kelele. Nilimwambia yeye si mtoto. Beldina, jirani wa mlango wa mbele, yule muuza samaki wa kukaanga, alikuwa ameketi kwenye kizingiti chake akinitazama nilipotoka na bakuli. Mwanamke yule ana macho ya kuchunguza.

Ijumaa, 24 Oktoba

Maji yameingia hadi chini ya kitanda. Uji, vijiko viwili.

Jumapili, 26 Oktoba

Nilikwenda kanisani nikimwacha Mzee peke yake na nikakaa kiti cha nyuma kabisa ili nitoke mapema. Mama Asenath akaniwahi mlangoni. Ni mjane, mwanamke mrefu mwenye sauti ya amri, na siku zote nimemwogopa. Alimuuguza kijana wake miaka mitatu mpaka akamzika, na mpaka leo hasemi alikuwa na ugonjwa gani, wala hakuna anayeuliza.

"Una mgonjwa," akaniambia.

"Ndiyo, Mama."

"Jumatano alasiri tunakutana chumba cha nyuma. Sisi tunaouguza. Njoo."

Nilitaka kumwambia sina nafasi. Alishanipa mgongo.

Jumatano, 29 Oktoba

Tulikuwa wanane. Wanawake saba na mwanamume mmoja, Mkamba mwenye mikono mikubwa yenye makovu ya patasi, anaitwa Ndambuki. Anachonga vinyago vya kuuzia watalii. Mkewe Kavinya aligongwa na gari pale Muthurwa akivuka na kikapu chake cha mboga, na tangu hapo hana miguu. Ndambuki ndiye humwosha, humgeuza, humpikia. Nilipomwona nilidhani amekosea chumba.

Asenath alifungua kwa sala fupi, kisha akasema, "Wageni wajue. Hapa hatuulizi mgonjwa anaendeleaje. Hilo tunaulizwa kila siku. Hapa tunakuuliza wewe unaendeleaje."

Mmoja mmoja wakasema. Mmoja alisema amesahau ladha ya chakula cha moto. Mwingine alisema jana alijifungia chooni na kukaa humo tu, mpaka wapangaji wakagonga. Wakacheka, na mimi nikashangaa kwamba kitu kama hicho kinaweza kuchekwa.

Zamu yangu ilipofika nilisema, "Niko sawa." Kisha nikalia mpaka kitambaa cha kichwa kikalowa. Hakuna aliyeniambia ninyamaze. Nilipoweza kusema nikawaambia yote: beseni, pazia, uso uliogeuzwa ukutani, na ukaidi wa kukataa chakula.

Ndambuki akaniuliza polepole, "Alianza lini kukataa kula?"

Nikafikiri. "Siku ile ya kwanza nilipomsafisha."

"Basi si ukaidi, Mama Andati. Asipokula hajichafui. Asipojichafua hutamvua nguo. Mzee anakuhurumia kwa njia pekee aliyobaki nayo."

Nimerudi nyumbani kwa miguu chini ya mvua na sikuisikia.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni, macho chini kama zamani: "Baba, usijiue kwa njaa kwa ajili yangu." Alifumba macho. Ni kweli basi. Ndivyo ilivyo.

Jumatano, 5 Novemba

Mzee amekonda, mbavu zinahesabika. Nilisema hivyo kikundini, na Ndambuki akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Nimezungumza na Kavinya. Mimi si mwana wake, si mkwe wake, ni mwanamume kama yeye. Naweza kumwogesha Mzee bila aibu ya mtu. Na Kavinya anataka mwanamke. Anasema tangu atoke hospitali hakuna mwanamke aliyemgusa, na nywele zake nikizisuka mimi zinakuwa kama kamba ya kufungia mbuzi. Mama Andati aje kwetu, mimi niende kwao."

Kila mtu alikuwa akifikiria jambo lilelile: mume wangu yuko safarini wiki hadi wiki.

Asenath ndiye aliyelitamka. "Watu watasema."

"Watasema," Ndambuki akakubali.

"Dada Ayuma, wewe ndiwe utakayebeba maneno hayo. Mwanamume habebi. Fikiri vizuri."

Nimefikiri tangu alasiri. Nikisema hapana, nitamzika mtu aliyekufa kwa adabu.

Ijumaa, 7 Novemba

Ndambuki alikuja mchana kweupe. Nilimwambia mlango wa nje tutauacha wazi kila siku atakapokuwa ndani, mvua iingie ikitaka. Alichukua beseni na sabuni, akaingia kwa Mzee na kushusha pazia.

Mimi nilikaa kwenye cherehani, sikushona hata mshono mmoja. Nilimsikia akisema, "Mzee, mimi naitwa Ndambuki, ni Mkamba wa Mwala. Nimeambiwa watu wa Khayega mnafuga ng'ombe dume wa kupigana. Kwetu dume tunalichinja tukala. Sasa niambie ni nani mwenye akili kati yetu." Maji. Kisha sauti niliyokuwa sijaisikia tangu mzee huyu aletwe, sauti ya kukwaruza, kama mlango wa zamani. Alikuwa anacheka.

Amekula bakuli zima la uji. Halafu akagonga bakuli kwa kijiko, anataka tena.

Jumamosi, 8 Novemba

Nilivuka daraja la miguu kwenda mtaa wa Baba Dogo, nyumbani kwa Ndambuki. Kavinya ni mwembamba, ana macho makali na ulimi mkali zaidi. Neno lake la kwanza: "Karibu. Nilitaka mtu wa kumsengenya naye mume wangu. Anavyopika maharagwe, Mungu amrehemu."

Nilimwosha, nikamfumua nywele. Mgongoni chini ana kidonda cha kulalia, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Nikakisafisha kwa maji ya chumvi kama Asenath alivyotuelekeza. Nilipoanza kumsuka akasema, "Ndambuki ni mtu mwema, lakini mtu ukioshwa na mumeo kila siku, unaanza kuwa mtoto wake. Mimi nilikuwa mke wake."

Nikaendelea kusuka.

Jumatano, 12 Novemba

Kikundi. Mwenzetu mmoja hakuja, maji yamebomoa ukuta wake.

Jumanne, 18 Novemba

Wamalwa, dereva mwenzake Luseno, alipita na ujumbe. "Niaje, shemeji. Barabara ya Mombasa imekatika, daraja limebebwa na maji. Bwana amekwama Voi na malori mengine. Haijulikani atatoka lini, lakini ni mzima."

Alikuwa bado anazungumza Ndambuki alipotoka chumba cha ndani, mikono ya shati imekunjwa, akijifuta kwa taulo letu. Alimsalimu Wamalwa kwa heshima, akamwaga maji machafu kwenye mtaro, akaenda zake.

"Huyo ni nani?"

"Ni mtu wa kanisani. Anamwogesha Mzee."

"Aha," Wamalwa akasema. Alimaliza chai bila kuketi.

Jumamosi, 22 Novemba

Kavinya ana homa kidogo. Mvua.

Jumatano, 26 Novemba

Leo kwenye bomba la maji wanawake walinyamaza nilipofika. Mmoja akaimba wimbo wa harusi chinichini na wengine wakaficha vicheko. Beldina alikuwepo, amesimama na mtungi wake, ananitazama na yale macho yake. Yeye ndiye. Anakaa kizingitini kutwa nzima akihesabu anayeingia na anayetoka kwangu.

Nilimweleza Asenath. Nilidhani atasema alinionya. Alinishika mkono tu, akasema, "Wakati kijana wangu anaumwa walisema ninamficha kwa sababu ya laana. Nilimwosha nikiwa na laana yangu. Maji yalikuwa yaleyale."

Nilikosea kumwogopa mama huyu.

Ijumaa, 5 Desemba

Wauguzi wa hospitali za serikali wamegoma. Kidonda cha Kavinya kinanuka. Ndambuki alimpeleka kwa mkokoteni, wakarudishwa mlangoni. Tunamgeuza kila tunapoweza. Nimeanza kwenda kila siku, na Ndambuki anakuja kila siku. Maneno nayo yameongezeka. Mwenye ploti ameniuliza kama nyumba hii bado ni ya Luseno.

Jumatano, 10 Desemba

Sikwenda kikundini. Nimechoka kuwa jasiri.

Jumapili, 14 Desemba

Luseno amerudi.

Ilikuwa alasiri. Ndambuki alikuwa ndani kwa Mzee, mimi nilikuwa nachambua mboga hapo sebuleni, mlango wazi. Kivuli kikaziba mwanga. Nikainua macho nikamwona mume wangu, amekonda, ndevu zimeota, matope hadi magotini. Moyo wangu ulifurahi kwanza. Kisha nikauona uso wake.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Usiniulize nani, Ayuma. Maneno ya Wamalwa yalinifikia Voi, mbele ya madereva. Nimekula aibu hiyo wiki tatu."

Alifungua pazia kwa nguvu likang'oka. Ndambuki alikuwa amepiga magoti chini, ameweka mguu wa Mzee kwenye beseni, anaosha katikati ya vidole. Aliinua uso akasema, "Karibu nyumbani, bwana Luseno. Mzee alikuwa akikungoja."

"Toka."

"Nimalize kumkausha, asije akapata baridi."

"Nimesema toka kwangu."

Luseno alimshika kola. Ndambuki ni mtu mzito, angeweza kumtupa mume wangu nje kama kibao cha mninga, lakini alijilegeza, akajiachia avutwe. Beseni likapinduka. Mzee akaanza kutoa ile sauti yake, safari hii si kicheko, na kupiga ukuta kwa ngumi ya kushoto. Watu wa ploti walijaa mlangoni. Ndambuki alisimama kwenye mvua miguu mitupu, maana viatu vyake vilikuwa ndani, na hakuna aliyemletea. Mwisho nikavichukua mimi, mbele ya macho yote yale.

"Ukimpelekea viatu vyake nenda naye," Luseno akasema.

Nilivipeleka. Kisha nikarudi ndani, nikachukua kitambaa na kuanza kukausha sakafu.

"Nimekataza," akaniambia. "Yeye asije hapa, na wewe usiende kule."

"Na baba yako?"

"Baba yangu ana mwana."

Jumatatu, 15 Desemba

Mwana alijaribu. Alikaa ndani na beseni kwa muda, kisha akatoka na maji safi kama alivyoingia nayo, uso umemsawajika. "Amejichafua," akaniambia, kana kwamba ni habari mpya.

"Najua."

"Mimi siwezi kuona uchi wa baba yangu, Ayuma. Hiyo ni laana."

Nilimtazama mpaka akainamisha kichwa. Oktoba aliniambia nitazoea.

Jumanne, 16 Desemba

Amemsafisha hatimaye, upesi upesi. Mzee aligeuza uso ukutani. Jioni alibana mdomo. Luseno akasema, "Hana njaa." Nikasema, "Subiri uone."

Jumatano, 17 Desemba

Hakula.

Alhamisi, 18 Desemba

Hakula. Asenath alikuja na mwavuli wake mweusi, akaketi bila kukaribishwa. Alimwambia Luseno, "Nimekuja kukuuliza swali moja. Wewe unaendeleaje?"

Luseno alitarajia mahubiri. Akasema, "Mama, heshima yangu imekwisha."

"Kwa sababu gani?"

"Mtaa mzima unajua mwanamume aliingia kwangu."

Hapo mlango ukasukumwa. Ni Beldina, mafuta ya samaki bado mikononi. Nilifikiri, sasa ananizika.

"Nimesikia sauti zenu, na mimi si mtu wa kunong'ona," alisema. "Baba Andati, mimi ndiye ninayekaa mbele ya mlango huu. Nilikaa pale kusudi. Nilijua siku moja utauliza, na nilitaka awepo mtu aliyeona. Yule Mkamba aliingia na mlango ukiwa wazi, na ulibaki wazi mpaka alipotoka. Mke wako alikuwa kwenye cherehani. Nilikuwa namwona kutoka kichwa hadi miguu. Wanaosema walikuwa hawaoni. Mimi niliona na sikusema, kwa sababu hakuna aliyeniuliza."

Luseno alikuwa anatazama mikono yake.

Mimi nilikuwa natazama yale macho ya Beldina niliyoyachukia miezi yote hii. Yalikuwa yananilinda. Nilimfuata nje nikataka kumwomba msamaha, akaniambia samaki wanaungua.

Jumamosi, 20 Desemba

Asubuhi nilijifunga khanga, nikasimama mbele ya mume wangu. "Nakwenda kwa Kavinya. Ukitaka kunifukuza, nifukuze nikirudi."

Daraja la miguu lilikuwa chini ya maji, nikashika kamba ambayo watu wameifunga. Sikuwa nimefika katikati nilipohisi kamba inavutwa nyuma yangu. Luseno alikuwa ananifuata.

Harufu ilitupokea mlangoni. Ndambuki alikuwa amempakata Kavinya mapajani, amemlaza kwa tumbo ili kidonda kisiguse kitanda, na kwa sura yake ilikuwa wazi hajalala. Kavinya alikuwa anaungua moto. Aliponiona akasema, "Umechelewa. Ameshanisuka tena."

Nilikunja shuka. Kidonda kilikuwa kimeshuka hadi mfupa. Nikamsikia Luseno nyuma yangu anavuta pumzi. Ndambuki alimwona lakini hakunyanyuka, hangeweza. Akasema tu, "Samahani, bwana, sina kiti kizuri."

Mume wangu alisimama pale mlangoni muda mrefu. Akaona ndoo ya matambara yaliyolowekwa, mchi na kinu, na vinyago vilivyoachwa bila vichwa kwa sababu mchongaji hana muda. Kisha akakunja mikono ya shati.

"Unamgeuzaje bila kumuumiza?" akauliza.

"Shika hapa chini ya nyonga. Si hapo. Hapa. Hesabu naye, asishtuke."

Wakamgeuza pamoja, mimi nikaosha. Baadaye Luseno akasema, "Lori liko tupu mpaka Jumatatu. Kuna hospitali ya misheni nje ya mji, wauguzi wao hawakugoma."

Jumapili, 21 Desemba

Tulimpeleka. Wanaume sita wa Baba Dogo waliinua kitanda chake pamoja naye, wakamvusha kwenye maji. Nilipanda nyuma nimshike. Njiani aliniambia, "Mume wako anaendesha vizuri. Mwambie mimi ndiye niliyesema, ili ajue kuwa nimemsamehe."

Alhamisi, Krismasi

Mzee amekula wali, Luseno amemlisha. Hakumwomba Ndambuki msamaha kwa maneno. Alimpelekea gunia la makaa.

Jumatatu, 29 Desemba

Uchaguzi. Nilipiga foleni matopeni tangu asubuhi, halafu nikashuka hospitalini. Kavinya hakunitambua.

Ijumaa, 2 Januari 1998

Kavinya amefariki.

Jumamosi, 3 Januari

Daktari wa misheni alisema sumu ya kidonda ilikuwa imeingia kwenye damu mapema. Niliuliza kama zile siku nilizozuiwa zingebadili kitu. Akasema labda hapana. Luseno alikuwa amesimama pale. Neno "labda" limemkaa. Analala akiwa amefumbua macho, na mimi simwambii kitu, wala simpunguzii. Nami linanikaa.

Jumanne, 6 Januari

Tulimzika kwao Ndambuki, Mwala. Jana yake nilimwosha mimi na dada zake, nikamfumua zile nywele alizosukwa na mumewe, kisha nikasita. Nikamwita Ndambuki, nikamuuliza kama anataka nizisuke upya vizuri. Akasema, "Ziache kama nilivyozifanya." Kwa hiyo nikarudisha nilichofumua, kwa mtindo wake, kama kamba ya mbuzi.

Luseno alichimba kaburi pamoja na wanaume wa ukoo, katika mvua, bila kupokezana.

Jumatano, 14 Januari

Kikundi. Mvua imepungua, jua lilitoka kidogo.

Hatukutegemea angekuja. Aliingia kichwa kimenyolewa, akasimama mlangoni badala ya kuketi.

"Nimekuja kuuliza," Ndambuki alisema. "Hiki ni chumba cha wanaouguza. Mimi sina mgonjwa sasa. Asubuhi naamka kumgeuza, halafu nakumbuka. Sijui kama bado nina haki ya kukaa hapa."

Asenath akasema, "Mimi nilimzika wangu miaka minne iliyopita. Unadhani kwa nini niliwakusanya?" Akavuta kiti. Ndambuki akaketi.

"Unaendeleaje?" akamuuliza.

"Vibaya," akasema. Tulikaa naye hivyo hivyo mpaka mlinzi wa kanisa alipokuja na funguo.

Ijumaa, 16 Januari

Luseno hana safari wiki hii. Alikuwa anapasha maji ya Mzee, siku hizi haulizi ni nani atafanya, hodi ikabishwa. Ndambuki, na sabuni yake mwenyewe imefungwa kwa gazeti.

Wawili hao walitazamana.

"Hudaiwi kitu hapa," Luseno alimwambia. "Ayuma hana tena wa kumwosha kwako."

"Najua. Ila mikono yangu haina kazi. Patasi naishika, inaniponyoka. Kama Mzee hatajali."

Luseno alimpisha.

Niliketi kwenye cherehani. Nilisikia maji, nikasikia Ndambuki akianza yale maneno yake ya madume ya Khayega, kisha sauti ikakatika katikati. Nikanyanyua ncha ya pazia.

Mzee alikuwa amefunikwa taulo kiunoni. Alikuwa ameinua mkono wake wa kushoto, ameuweka juu ya kichwa cha Ndambuki kilichonyolewa, anampapasa taratibu, kama mzazi anavyompapasa mtoto aliyefiwa. Mdomo ule uliopinda ulikuwa unajitahidi, unatafuta neno. "Po," akasema. "Po. Le."

Ndambuki aliinama mpaka paji la uso likagusa goti la Mzee, mabega yakaanza kutikisika. Luseno akachukua kitambaa kilichomponyoka mkononi, akakikamua, akaendelea kumwosha baba yake mahali mwenzake alipoachia.

Nikashusha pazia, nikaenda kuwasha jiko, niwapikie uji wote watatu.